"Leta data, leta data", data ya nini sasa??

Wakuu habari zenu, leo naomba niteme nyongo kidogo maana nimejaa hadi hapa.

Jana kwenye grupu la kazini tulikuwa tunabishana kuhusu kufunga kamera mpaka chumba cha mapumziko. Jamaa mmoja kaja na takwimu zake, tangu kamera zifungwe stoo wizi umepungua, "kwa hiyo lazima tufunge na huku". Mi nikaandika watu wazima kuchunguliwa wanakula si sawa, hata kama wizi utaisha kabisa. Jibu? "Hayo ni maoni yako, leta data." Laiki kama zote na viemoji vya kucheka juu.

Aisee, data ya nini? Nipime heshima kwa rula? Na hiyo "lazima" yake kaitoa kwenye jedwali gani? Namba zinasema wizi umepungua, basi, zinaishia hapo. Kwamba mali ina uzito kuliko faragha ya watu hilo nalo ni dai la thamani, yaani la kipi ni bora au kipi ni sawa, kama langu tu, sema yeye kalificha nyuma ya asilimia mi nimeliweka mezani. Mwanafalsafa mmoja Mskochi, David Hume, aliliona hili tangu 1740, watu wanakwambia mambo yako hivi na hivi halafu ghafla wamesharukia "inapaswa" na hawasemi wamevukaje. Karibu miaka 300 bado tunaruka tu.

Na nyie wa "kila mtu na mtazamo wake" mnaojifanya kunitetea ndo mnaniudhi zaidi. Dai la thamani linajadilika bana! Niulize natumia kipimo gani, nitakwambia mtu asiyeshukiwa kitu haangaliwi. Niulize mbona stoo sikupinga, nao mle wanaingia watu hawashukiwi? Hapo mngenibana kwelikweli, ningehangaika kueleza kwamba stoo unaenda kufuata mzigo na kutoka, huku mtu anavua viatu anapumzika, na labda bado nisingetosheleza. Hakuna aliyeuliza. Wote leta data.

Leo asubuhi tangazo limebandikwa, kamera zinafungwa Jumatatu. Yule jamaa kanifuata inbox eti hata yeye hapendi kuangaliwa akila, "ila ndugu yangu, data ndo imeamua".

Data imeamua!! Ina mikono?