Crown nyeusi 202: kivulini kioo, juani mawingu. Nianzie wapi?

NyeusiTii
Wakuu salaam. Gari ni Toyota Crown Athlete nyeusi, namba ya rangi ya Toyota ni 202. Imepigwa polishi kwa rotari (mashine inayozunguka tu) na pedi ya manyoya. Kivulini inang'aa vizuri, ila ikitoka juani boneti na milango inaonyesha mawingu ya duara, ukisogea nayo yanasogea. Pedi ilikuwa inatoka nyeusi tii, nahofia klia (tabaka la juu lisilo na rangi) imeisha. Nataka ifike kiwango cha maonyesho. Ninayo DA (mashine ya polishi inayozunguka huku ikicheza) ya mm 15, kampaundi kali, polishi laini na sponji za aina tatu.

FundiKlia
Mkuu, klia haijaisha, haikuwepo. 202 ni nyeusi ya tabaka moja, unachosugua ni rangi yenyewe, kwa hiyo pedi lazima ichafuke. Ingekuwa silva au lulu na pedi ikatoka na rangi, hapo ungezima mashine palepale. Kwako angalia kinyume chake: paneli ambayo pedi inabaki safi wakati zingine zinaichafua, hiyo ilishapigwa rangi upya na kuwekewa klia. Itakuwa ngumu kuliko zingine, usiipige kwa mpango uleule.

Mawingu ni alama za manyoya. Rotari inazunguka kwenye mhimili mmoja tu, kila unyoya unachora duara lake, na 202 ni laini mno. Kivulini huoni kwa sababu mwanga umetawanyika, haupigi mikwaruzo moja kwa moja kama jua.

Kampaundi kali iache kabisa kwa sasa. Osha gari, pitisha dawa ya kutoa vumbi la chuma (ikigeuka zambarau inafanya kazi), kisha udongo wa kusafishia rangi ukiwa na maji ya sabuni mengi. Ukipitisha kiganja, isikwaruze popote. Weka tepu kwenye kingo za boneti na mistari ya milango, rangi ni nyembamba hapo kuliko mahali pengine pote.

Halafu chagua kipande cha sm 40 kwa 40 katikati ya boneti ujaribie. Sponji laini ya kumalizia, matone manne ya polishi yenye ukubwa wa punje ya choroko, spidi namba 4, uzito wa mashine wenyewe unatosha. Mwendo sm 2 hadi 3 kwa sekunde, wima kisha mlalo, mara nne. Hapo ndipo utajua kama unahitaji kupanda hadi sponji ya kati. Ukianza na kali huwezi kurudisha rangi uliyoikata.

Mikroni
Kabla ya yote hayo pima unene. Kifaa cha kupimia kinasoma kwenye bati tu, bampa ya plastiki hakiisomi. Ukikuta zaidi ya mikroni 200 (mikroni 1,000 ni mm 1) ujue imepigwa upya, zaidi ya 500 kuna puti ya kuziba mabonde chini. Chini ya 80 ishia na polishi laini. Bampa usikae sehemu moja, plastiki haitawanyi joto kama bati na rangi inaungua haraka.

Kingo_Salama
Nyongeza kwa DA: chora mstari kwa makapeni pembeni mwa sahani inayoshika sponji. Mashine ikiwaka, mstari uonekane ukizunguka. Mstari ukisimama, sponji inatetemeka tu haikati kitu: umeikandamiza au umeilaza upande mmoja. Kwenye fenda zenye mbonyeo inatokea kila mara. Na akikuambia mtu ufunge pedi kwenye grenda ya kukatia vyuma, kataa. Ile inakwenda mizunguko kama 11,000 kwa dakika, wakati rotari ya polishi unaifanyia kazi kati ya 600 na 1,500.

NyeusiTii
Asanteni sana. Nimejaribu kile kipande. Mawingu yamekwisha, ila nikimulika kwa tochi kuna ukungu wa kijivu, mistari midogo sana. Ni sponji au polishi?

FundiKlia
Kwenye 202 huenda ikawa kitambaa. Changanya isopropili (spiriti ya kusafishia) ya asilimia 70, sehemu moja kwa maji sehemu nne, nyunyiza, futa. Kisha chukua maikrofaiba mpya isiyo na pindo, pitisha kavu mara moja kwa mstari ulionyooka. Mulika. Ukiona mistari imefuata mkono wako, kosa ni kitambaa. Wakati wa kufuta mabaki, loanisha kwanza, usifute kavu.

Ikiwa ukungu hauna mwelekeo, ni sponji. Imejaa rangi nyeusi na polishi iliyoganda, sasa inasugua kwa uchafu wake. Ipige brashi kila ukimaliza kipande, na baada ya vipande vitatu au vinne weka nyingine safi. Gari nzima hesabu sponji sita za kumalizia, mbili hazitoshi. Kwa joto la Dar fanya alfajiri au jioni, bati likiwa la moto polishi inakauka kabla haijamaliza kazi, inabaki unga. Pasi ya mwisho shusha spidi hadi 3, matone mawili tu.

Mikroni
Na maji ya kisima yenye chumvi usiyaache yakauke juu yake baada ya hapo. Kausha paneli moja moja, kuanzia paa.