Krosi za shafti ya PTO zinapasuka: nazipimaje kabla mteja hajazichukua?

FundiBabati
Wakuu, heshima kwenu. Natengeneza mashine za kupukuchua mahindi za kuendeshwa na trekta, na shafti za PTO (za kupeleka nguvu ya trekta kwenye mashine) naziunga mwenyewe: nanunua yoki (uma za chuma) na krosi (msalaba unaounganisha yoki mbili), bomba nachomelea karakanani. Msimu huu mbili zimerudi krosi zimepasuka, moja ndani ya siku nne tu. Mteja kakosa kazi wakati mahindi yako shambani, roho inaniuma. Maabara sina. Nitajuaje shafti inahimili kabla haijatoka getini?

Grisi_Kila_Asubuhi
Fundi, yoki mbili za ndani zinatazama upande mmoja? Kama zimepishana, utabadilisha krosi mpaka uchoke.

Mwl_Mitambo
Angalia na pembe. Krosi ikipinda nyuzi 30, PTO inazunguka 540 kwa dakika, lakini shafti inapanda hadi 624 na kushuka hadi 468, mara mbili kila mzunguko. Kwa nyuzi 10 ni kati ya 532 na 548 tu. Gawanya 540 kwa kosaini ya pembe upate ya juu, kisha zidisha upate ya chini. Weka kwenye Excel uone pembe zote bila kuharibu chuma.

Nguvu: kilowati 30 kwenye PTO ni 9550 × 30 ÷ 540, kama nyutoni-mita 530. Funga ncha moja kwenye fremu nzito, nyingine iegemee beringi na ivalishwe mtaimbo wa mita 2 uliolala. Kilo 27 mwishoni zinakupa hiyo 530. Mimi hupima hadi kilo 54, mara mbili yake. Uzito wa mtaimbo hesabu nusu. Chora mstari wa rangi kwenye bomba: ukitoa mzigo mstari usiponyooka, bomba limejisokota.

DadaTrekta
Mwalimu, huo ni mzigo tulivu. Kinachoua shafti ni dereva kuachia klachi ghafla ngoma ya kupukuchulia ikiwa imejaa mahindi. Fundi, weka bolti ya kukatika (inayokatika yenyewe mzigo ukizidi), na ikikatika dereva asirudishe ngumu zaidi. Na usiizungushe bila kava, nakuomba: 540 ni mizunguko 9 kwa sekunde, kanga ikinaswa huwahi kuivuta.

FundiBabati
Nimetoka kukagua. Ile ya siku nne yoki zimepishana robo mzunguko, na nilichomelea mwenyewe. Nyingine ziko sawa, ila mashine imekaa chini, pembe nyuzi 28. Niinue mashine au nirefushe shafti?

Mwl_Mitambo
Inua kwanza, pembe za pande zote mbili zilingane. Ukirefusha, mabomba yabaki yameingiliana angalau theluthi.