Nimesomea Zama za Kati za Ulaya, nimerudi Tanga: ujuzi huu niupeleke wapi?

Binti wa Chumbageni

Assalaam alaykum, na heshima kwenu nyote. Ninaandika nikiwa Tanga mjini, ambako nilirudi miezi minane iliyopita baada ya kumaliza shahada ya uzamili ya taaluma za Zama za Kati (takriban karne ya 5 hadi ya 15) katika chuo kimoja cha Ulaya. Nilifundishwa Kilatini, kusoma hati za mkono zilizoandikwa juu ya ngozi, kutambua mwandiko wa kila karne na vifupisho vya waandishi wake, na kulinganisha nakala kadhaa za maandishi yaleyale ili kuona ni neno lipi lililobadilishwa njiani. Kazi hiyo niliipenda na bado ninaipenda.

Tangu nianze kuomba kazi, kila ninayemweleza huniuliza Zama za Kati zinaihusu nini Tanzania. Ofisi moja ilinijibu kwamba shahada yangu haimo katika fani walizozitangaza. Baba ananisihi nisomee uhasibu, naye hanitakii mabaya. Ada ya mdogo wangu inamwelemea, na mimi ndiye mkubwa. Naomba wenye uzoefu wanieleze ni kazi gani ninazoweza kuziomba, na ni nini ninachopaswa kuongeza ili mwajiri wa hapa anielewe.

Karani wa Masjala

Wa alaykum salaam, dada. Kwanza, je, tuzo yako ya nje imeshatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania? Kama bado, shughulikia hilo kabla ya jambo lingine lolote, kwa kuwa wengi hukwama hapo hata kabla ya kuitwa kwenye usaili.

Mimi nimefanya kazi masjala kwa miaka kumi na mmoja. Maswali unayoyauliza juu ya hati ya ngozi ndiyo ninayoyauliza juu ya jalada: nani aliandika, lini, akijibu barua ipi, na hii ni nakala au ndiyo asili yenyewe. Chuo cha Utumishi wa Umma kinafundisha utunzaji wa kumbukumbu, na ukiongeza masomo hayo utaweza kuomba kazi mahakamani, katika ofisi za ardhi, hospitalini na kwenye mabenki. Katika wasifu wako usiishie kuandika kwamba unasoma hati za karne ya 12. Andika kwamba unaweza kutambua, kupanga na kuorodhesha nyaraka, kisha utaje mkusanyiko ambao umewahi kuufanyia hivyo.

Mchimba Magofu

Dada yangu, mimi ni mwanaakiolojia, na swali hilo la Zama za Kati kuihusu nini Tanzania limeniuma, kwa sababu jibu lake liko kwenye magofu ya Tongoni, kama kilomita 20 kusini mwa hapo ulipo. Msikiti ule na makaburi yake ya nguzo, yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa, ni wa Zama za Kati hizohizo ulizozisomea. Kaole, karibu na Bagamoyo, ni vivyo hivyo. Msafiri Ibn Battuta naye alifika Kilwa mwaka 1331, katika zama hizohizo.

Sasa tazama ujuzi wako. Historia ya kale ya masultani wa Kilwa imetufikia kwa njia mbili: nakala ya Kiarabu iliyohifadhiwa London, na muhtasari wa Kireno alioutoa mwanahistoria João de Barros mwaka 1552. Orodha zao za watawala hazilingani, na anayetakiwa hapo ni mtu aliyefundishwa kulinganisha nakala. Aidha, mwenye Kilatini hajifunzi Kireno kwa shida kubwa, na Wareno waliandika mengi kuhusu pwani yetu. Hata merikebu ya Vasco da Gama, São Rafael, ilichomwa moto karibu na Mtangata, yaani Tongoni hiyohiyo, mwaka 1499, kwa kuwa mabaharia waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu.

Kuhusu riziki nitasema wazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari, na katika miradi kama bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, hapo Tanga, mambo ya kale yaliyo njiani nayo huchunguzwa. Kazi hizo hulipa vizuri, lakini ni za mkataba: wiki sita za kazi, kisha huenda ukakaa miezi bila simu kulia. Utaanza kama msaidizi. Jifunze kuchora ramani kwa programu ya QGIS, ambayo haina malipo, na uzoee kuandika ripoti fupi.

Pengo lako kubwa ni herufi za Kiarabu. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ni ya mwaka 1107, na barua za Kiswahili kutoka Kilwa, za mwanzoni mwa karne ya 18, zimehifadhiwa Goa, India. Bila herufi hizo utabaki mlangoni.

Bibi Mwalimu, Ngamiani

Mwanangu, nimefundisha historia hadi kustaafu. Stashahada ya uzamili ya ualimu hutolewa pia na Chuo Kikuu Huria, na ukiwa nayo utakuwa na mshahara wa mwezi huku ukiendelea na utafiti wakati wa likizo. Ila namuuliza huyo wa magofu: mtoto wa Tanga anayeanza kwa salamu ile, ni nani aliyekwambia kwamba herufi hazijui?

Binti wa Chumbageni

Shikamoo, Bibi. Nilikhitimu msahafu nikiwa na miaka kumi, na sikuwahi kuliandika hilo katika wasifu wowote, kwa sababu sikulihesabu kuwa ni elimu ya kuonyeshwa ofisini. Nyumbani kwa bibi yangu, Pangani, kuna kasha la barua za biashara za babu yake, za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nilijaribu kuzisoma zamani nikashindwa.

Mchimba Magofu

Nimekosea, na Bibi amenisahihisha. Ulishindwa kwa sababu mwandiko ule mara nyingi hautenganishi *b* na *p*, wala *i* na *e*, hivyo msomaji hulazimika kulifahamu neno kabla ya kulisoma. Kwa aliyezoea vifupisho vya Kilatini hilo si jambo geni. Omba idhini ya wazee wa nyumba, usizinyooshe kwa nguvu wala kuzibandika selotepu, zipige picha pande zote mbili kwenye mwanga wa dirisha, na kila barua uipe namba. Ukimaliza kumi za kwanza, ziandike kwa herufi za Kilatini pamoja na maelezo yake. Hizo ndizo utakazozipeleka kwenye usaili.