Dawa za dharura shuleni: ufunguo ukae kwa nani?

Mwalimu wa Taaluma:

Habari zenu, ndugu walimu na wazazi. Shule yetu ni ya binafsi, yenye wanafunzi wa kutwa na wa bweni. Muhula huu tumepokea watoto wawili ambao wazazi wao wameleta kalamu za adrenalini (sindano zenye umbo la kalamu, zilizokwisha kutiwa dawa) kwa sababu ya mzio mkali, mbali na wengine kadhaa wenye pumu wanaotumia inhela. Kanuni yetu inataka dawa zote zifungiwe kabatini ofisini na ufunguo ukae kwa mtu mmoja. Iliandikwa kwa kuhofia wanafunzi kupeana vidonge, na kwa hilo ilikuwa na maana, lakini sasa najiuliza kama inafaa kwa dawa ambayo mtoto huihitaji ndani ya dakika chache. Je, wenzetu mnazihifadhi wapi, na muuguzi asipokuwepo ni nani anayeruhusiwa kuitoa?

Muuguzi wa Shule:

Mwalimu, tenganisheni mambo mawili. Vidonge vya kawaida viendelee kufungiwa. Dawa za dharura zisifungiwe, bali ziwekwe mahali ambapo kila mfanyakazi anapajua na anaweza kupafikia bila kuomba ruhusa, ingawa watoto wadogo wasipafikie. Mwanafunzi mkubwa anayejua kutumia inhela yake aachwe atembee nayo, na darasa linapokwenda uwanjani au safarini, dawa nayo iende.

Kalamu ya adrenalini haiwekwi kwenye jokofu wala haiachwi ndani ya gari lililoegeshwa juani; hifadhi yake ni joto la nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi. Kila mwezi mimi huikagua kupitia kidirisha chake, na dawa ikiwa imebadilika rangi au ina chembechembe, naomba nyingine hata kama tarehe haijafika. (Tarehe zenyewe zina tabia ya kuisha wakati wa likizo.) Kipimo hufuata uzito: kwa kawaida ni miligramu 0.15 kwa mtoto wa kilo 15 hadi 30, na 0.3 kwa aliyezidi hapo, kwa hiyo kalamu aliyoandikiwa akiwa chekechea huenda haimtoshi tena.

Sindano huchomwa katikati ya paja, upande wa nje, hata juu ya suruali. Mtoto alazwe na miguu iinuliwe. Akipumua kwa shida aachwe akae, lakini asitembezwe kupelekwa ofisini. Gari la wagonjwa liitwe papo hapo. Hali isipobadilika baada ya dakika 5 hadi 15, kalamu ya pili hutumika, ndiyo maana nawaomba wazazi walete mbili. Hata akipata nafuu ni lazima afike hospitali, kwa sababu dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Tena msianze na kidonge cha mzio mkasubiri kuona, kwani hakiwezi kushika nafasi ya adrenalini.

Mzazi wa Mtoto Mwenye Mzio:

Naunga mkono, kwa uchungu kidogo. Katika shule aliyosoma binti yangu zamani, siku alipovimba midomo na sauti kuanza kukauka, ufunguo ulikuwa kwa mhasibu, na mhasibu alikuwa benki. Mlinzi alivunja kufuli kwa nondo. Kalamu ilipopatikana, mwalimu aliyekuwa akitetemeka aliishika kichwa chini miguu juu, akaibonyeza, sindano ikamwingia kwenye kidole gumba chake mwenyewe. Mtoto aliokolewa na kalamu ya pili. Simlaumu mwalimu yule hata kidogo, maana hakuwahi kuishika kabla ya siku hiyo. Zipo kalamu za mazoezi zisizo na sindano wala dawa. Kila mfanyakazi aibonyeze pajani mwake walau mara moja kila muhula.

Mjumbe wa Bodi:

Nyongeza ya kisheria. Msidhani kwamba mwongozo uliotolewa kwa shule za umma unazihusu shule binafsi moja kwa moja. Someni maneno yake. Uingereza, kwa mfano, iliziruhusu shule kuweka inhela za akiba kuanzia 1 Oktoba 2014, na kalamu za adrenalini kuanzia 1 Oktoba 2017, bila dawa hiyo kuandikiwa mwanafunzi fulani. Pasipo na ruhusa ya namna hiyo, shule hubaki na dawa ya mtoto mwenyewe, ambayo iambatane na maelekezo ya daktari, picha ya mtoto na idhini ya mzazi iliyotiwa saini. Mkishaitumia, andikeni saa, kipimo na jina la aliyeitoa, kisha karatasi hiyo iende na mtoto hospitali.

Mwalimu wa Taaluma:

Nawashukuru sana. Jambo moja limebaki: usiku bwenini yupo metroni peke yake, na mmoja wa watoto hao ana kifafa pia.

Muuguzi wa Shule:

Basi metroni ndiye awe wa kwanza kufundishwa. Degedege likianza aangalie saa, amlaze mtoto ubavu, asimtie kitu mdomoni. Likifika dakika 5 atoe dawa aliyoandikiwa mtoto na aite gari la wagonjwa. Seti ya pili ya dawa zote ikae bwenini, si ofisini ambako mlango hufungwa jioni.