Naombeni ushauri: redio ya mkononi ya majini, bwawa la Mtera

Perege_Mkavu: Wakuu, habari za jioni. Nimenunua redio mbili za VHF za majini, mtumba wa Dar. Nina boti ya mashine hapa Mtera, vijana wanatega nyavu usiku. Wakiwa karibu tunasikiana safi, wakisogea upande wa Iringa kimya. Nibadilishe antena? Usingizi umenikimbia.

Baba_Zabibu: Achana na samaki. Mimi nilichimba bwawa Hombolo, kiangazi kikalinywa lote. Sasa nina zabibu na ninakoroma.

fundi_mawimbi: Antena haitoboi mlima, mkuu. VHF inafika pale jicho linapofika. Nyote mkiwa mmekaa chini, kilomita 8 ni bahati. Panda kilimani na yako usikie tofauti. Wakiwa karibu watumie wati 1 betri idumu, wati 5 ni za mbali. Wanaiweka wapi? Chaneli gani?

Perege_Mkavu: Chaneli 16. Inakaa kwenye ndoo ya mfuniko, isilowe.

fundi_mawimbi: 16 ni ya kuitana na ya dharura. Mkishaitikiana hamieni nyingine, mfano 72. Na boti ikipinduka, ndoo inaondoka na redio yako. Ifungwe mwilini kwa kamba. Jaketi okozi wanavaa?

Perege_Mkavu: Wanajua kuogelea.

Mama_Kizota: Mwanangu, hujajibu. Wanazo au hawana?

Perege_Mkavu: Shikamoo mama. Zilikuwepo nne, niliziuza nikamalizia hela ya redio. Lakini tufikirie jamani, jaketi linaongea? Redio inaita msaada.

Mama_Kizota: Marahaba. Inamwita nani?

Perege_Mkavu: Mimi, niko macho.

nahodha_mstaafu: Nimekula chumvi ya bahari miaka mingi. Kule ukitamka Mayday mara tatu, ukataja chombo, ulipo, shida yako na idadi ya watu, kuna meli itasikia. Mtera wanaosikiliza 16 ni viboko.

kijiwe_cha_Jamatini: 😂😂 Kiboko namba moja, tunakusoma, badilisha.

Mbishi_wa_Nkuhungu: Chai hii. Nani anauza jaketi anunue redio? Mwezi jana mleta mada alikuwa na duka la vipuri Kahama. Na kibali cha TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, unacho? Weka picha.

Perege_Mkavu: Duka ni la shemeji, tunatumia akaunti moja.

kijiwe_cha_Jamatini: Shemeji naye aje atie sahihi.

Baba_Zabibu: Kumbe uzi wa kutunga, na mimi nimeeleza bwawa langu bure.

Mama_Kizota: Chai au si chai, hao vijana ni watoto wa nani?

Perege_Mkavu: Mmoja mdogo wangu wa mwisho. Picha kesho, simu ina chaji asilimia 4. Fundi, hiyo 72 inabonyezwa wapi? Wameshatoka tangu saa moja.