Mjadala: Pagale (nyumba isiyokwisha) la kumalizia na kuuza au nyumba ya kupangisha, kipi kinalipa Dar?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Kuna swali linanisumbua tangu nimalize nyumba yangu ya Goba. Nyumba nzima ya kupangisha familia moja ni uwekezaji kweli, au ni heshima tunayoinunua kwa bei ghali? Na wanaonunua mapagale, wakayamalizia na kuyauza, ndio wanaofaidi?

Msimamo wangu: nyumba nzima ya kupangisha huku pembezoni hailipi, na hatulioni hilo kwa sababu tunahesabu pesa anayotoa mpangaji badala ya ile inayobaki.

Chukua nyumba ya vyumba vitatu iliyokula milioni 120 pamoja na kiwanja. (Kiwanja wengi hawakihesabu, eti "nilikipata zamani kwa bei ya kutupa". Kihesabu kwa bei ya leo, maana ungeweza kukiuza leo.) Inapangishwa 500,000 kwa mwezi, milioni 6 kwa mwaka. Sasa toa mwezi mmoja inapokaa tupu, toa kodi ya zuio (ya serikali kwenye pango) 10%, toa rangi, pampu na fundi bomba, tuseme 600,000. Toa na kodi ya jengo, 1,500 kila mwezi, inayokatwa kwenye LUKU, umeme anaonunua mpangaji. Mpangaji akitaka umrudishie ana haki, jengo ni lako. Inabaki kama milioni 4.3, yaani 3.6% ya ulichoweka. Hatifungani ya serikali ya miaka 25 (unaikopesha serikali, inakulipa riba) ilipoanza kutolewa 2021 ilikuwa na kuponi, yaani riba ya mwaka, ya 15.95%. Viwango vilishuka baadaye, lakini hata ukipiga hizo milioni 120 kwa 12% ni milioni 14.4 kwa mwaka, na hakuna wa kukupigia usiku kwamba koki imepasuka.

Pagale nalo lina mtego wake. Mwenyewe kaishia kwenye lenta, ada za watoto zimembana, anaachia kwa bei ya chini. Unapaua, unapiga plasta, unaweka vigae, unauza. Wengi wanaumia kwenye risiti. Ukiwa na kumbukumbu za gharama, kodi ni 10% ya faida. Usipokuwa nazo, tangu 2023 ni 3% ya bei yote ya mauzo, au ya thamani iliyoidhinishwa kama ndiyo kubwa. Umetumia milioni 120, umeuza 130: mwenye risiti analipa milioni 1, asiye nazo milioni 3.9. Na nani kati yetu anadai risiti ya lori la mchanga?

Karibuni, nipingeni kwa hesabu.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, nyumba uliyoichagua ndiyo mbovu, usihukumu upangishaji wote. Mimi nina vyumba vinane Mbagala, chumba 60,000. Pamoja na kiwanja vilinigharimu milioni 45. Vikijaa ni milioni 5.76 kwa mwaka, karibu 13%. Mmoja akihama, saba wanaendelea kulipa. Kwako akihama mmoja, umebaki na sifuri. Halafu hiyo kuponi ni ileile hadi mwaka wa 25, na milioni 120 zako utarudishiwa milioni 120, wakati huo sijui zitanunua nini. Kodi ya chumba nimeshaipandisha mara mbili, na kiwanja kinapanda chini ya miguu yangu.

Mchangiaji wa pili:
Mnaanza na asilimia wakati kitu cha kwanza ni karatasi. 2017 tuliona nyumba nzuri zikivunjwa kuanzia Kimara hadi Kiluvya kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro, zilizokuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Muhuri wa serikali ya mtaa unashuhudia kwamba mmeuziana. Hauthibitishi kwamba aliyekuuzia anamiliki. Kama kiwanja kina hati, nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi, uone kimesajiliwa kwa jina la nani. Kama hakina, ongea na majirani wa pande zote nne, tena bila dalali kuwepo.

Mimi nilinunua pagale, muuzaji akasaini peke yake. Nimeshapaua ndipo mkewe akajitokeza: hakuwahi kuambiwa. Alikuwa na haki kabisa, na kosa lilikuwa langu kutomuulizia. Pesa yangu ilikaa pale miezi 14 bila kuuzika. Weka hiyo miezi kwenye hesabu yako ya faida uone inavyoyeyuka.

Mleta mada:
Nimewasikia. Ndugu wa Mbagala, nakubali kwamba vyumba vinashinda nyumba nzima, na la kuponi umenibana. Ila kiwanja kingepanda hata bila vyumba juu yake, kwa hiyo usikipe upangishaji sifa isiyo yake. Na umeniletea hesabu ya "vikijaa". Mwaka jana vilikaa vitupu miezi mingapi ukijumlisha vyote? Gari la kunyonya choo lilikuja mara ngapi, nani anakukusanyia kodi, na aliyehama usiku aliondoka na deni la miezi mingapi? Toa yote hayo kwenye ile 5.76, halafu utuwekee hapa kilichobaki.