Makumbusho, acheni kuipiga pasi panki! Mzula mmoja kwenye kioo si Pussy Riot

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, mnivumilie.

Kila yakiandaliwa maonyesho ya sanaa ya maandamano yakiwa na Pussy Riot, kundi la wanawake wa Urusi linalopinga serikali kwa muziki wa panki, ni yale yale: mzula (kofia ya kuficha uso) wa rangi ndani ya sanduku la kioo, video kwenye skrini ndogo yenye hedifoni, na kibao kinachosema "walifungwa kwa kuimba kanisani".

Tuanze na hicho kibao. Februari 21, 2012, ndani ya Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi, Moscow, hawakumaliza hata dakika moja mbele ya madhabahu, walinzi wakawatoa. Wimbo mnaousikia kwenye video ulipachikwa baadaye, na baadhi ya picha zilipigwa kanisa jingine. Video ndiyo kazi yenyewe! Shtaka lilikuwa uhuni wenye chuki ya kidini, kifungu cha 213 cha sheria ya jinai ya Urusi, na Agosti watatu wakalambwa miaka 2 jela kila mmoja. Oktoba mmoja wao, Yekaterina Samutsevich, akapata kifungo cha nje, kwa hoja kwamba mlinzi alimtoa kabla hajawahi kufanya lolote na gitaa lake. Mtazamaji asipoambiwa hayo anaelewa nini?

Mzula nao. Ni kofia ya sufu iliyotobolewa macho na mdomo kwa mkasi, basi. Ukingo usiposhonwa unafumuka, na ndivyo unavyotakiwa uonekane: kazi ya usiku mmoja. Kazi yake ni kufananisha watu, asijulikane nani katoka na nani kaingia. Ukiumulikia taa ukiwa peke yake umeugeuza sura ya staa. Ning'inizeni kumi, usawa wa kichwa, bila kioo.

Hedifoni toeni kabisa. Fungulieni spika hadi chumba cha jirani kilalamike.

Na msiseme taasisi haziwezi. Juni 2025 Nadya Tolokonnikova, mwingine wa wale watatu, alikaa kwenye seli ya mfano wa gereza la Urusi ndani ya MOCA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya Los Angeles, watu wakimchungulia kwa matundu. Juni 8, maandamano ya kupinga kamatakamata ya wahamiaji yalipopamba moto nje, makumbusho yakafunga milango. Yeye akabaki selini, anaendelea. Hakuna msimamizi aliyepanga hilo (labda ndiyo maana lilinoga).

Anayebisha aje na hoja, ila asituletee tena "walifungwa kwa kuimba".